Maumivu kwa wazee wetu: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Kigoma

Nauza dawa Mwanga hapa Kigoma mjini, na wanaokuja kutafuta dawa za maumivu wengi wao sio wagonjwa wenyewe, ni watoto na wajukuu wametumwa, "dada nipe zile za bibi za siku zote". Ukimuuliza bibi anaumwa wapi hajui, presha anayo hajui, zingine anameza zipi hajui, na nyuma yake foleni imeshakuwa ndefu. Nimeona bora niyaandike hapa maswali yote mtu asome nyumbani kwa utulivu, akiwa na mzee mwenyewe pembeni ikiwezekana. Dukani nampa mtu maelezo ya dawa, ila kujua ugonjwa ni kazi ya daktari na vipimo, kwahiyo mahali ninaposema mpeleke hospitali naomba mpelekeni kweli.

Mama ana miaka 74, magoti na kiuno vinauma kila siku. Si ndo uzee wenyewe?

Hapana. Hili ndo naulizwa kuliko yote na ndo linaloniumiza zaidi, maana mkishakubaliana nyumbani kwamba ni uzee basi mzee hapelekwi tena popote. Ni kweli umri unasaga magoti, lile gegedu laini linalokaa katikati ya mifupa linaisha na akiinuka unasikia goti linalia, lakini maumivu yana chanzo chake na kila chanzo kina matibabu yake. Kuna wazee wameambiwa uzee tu kumbe babu ana saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa ya mgongo, mwingine ana TB ya uti wa mgongo, bibi mwingine pingili ya mgongo imebonyea kwasababu mifupa imekuwa myepesi, na wengine wengi sukari imeharibu mishipa ya fahamu ya miguu bila wao kujua hata kama wana sukari.

Shida nyingine ni wazee wenyewe wanaficha. Unamwamkia shikamoo bibi, marahaba, umeamkaje, namshukuru Mungu mwanangu, kumbe tangu saa nane usiku yuko macho amekaa kitandani anasugua goti. Hataki kuonekana mzigo, tena anajua hela hamna. Kwahiyo usimuulize tu unaumwa, angalia nini ameacha kufanya. Mama yangu Ujiji hakuwahi kuniambia kitu, mimi niligundua siku nimeenda kumsalimia nikakuta kigoda chake cha jikoni kimesukumwa uvunguni na anakalia ndoo ya lita ishirini iliyogeuzwa, kwasababu kigoda kilikuwa chini mno hawezi tena kunyanyuka kutoka pale. Alikuwa akiinuka anashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, anafumba macho kidogo, ndo anapiga hatua ya kwanza, na alishafanya hivo miezi na sisi wote tunaingia na kutoka pale nyumbani.

Nitajuaje maumivu yake ni makali kiasi gani?

Hospitali watamuuliza kuanzia sifuri mpaka kumi, sifuri hakuna maumivu kumi hayavumiliki. Wazee wengine namba haziwaingii, tumia maneno tu: hakuna, kidogo, ya wastani, makali, hayavumiliki. Muulize kwa maneno yaleyale kila siku, akiwa amekaa na akiwa anatembea maana majibu yanakuwa tofauti, andika kwenye daftari pamoja na saa na dawa aliyomeza. Daktari ukimpa daftari la wiki mbili atakushukuru sana.

Dawa gani ni salama kuanza nayo?

Paracetamol, ambayo wengi mnaiita panadol hata kama sio hiyo kampuni. Haichubui tumbo, haipandishi presha kama zile zingine, na wengi inawasaidia japo sio wote, goti lililosagika sana yenyewe peke yake haitoshi. Kidonge kimoja ni miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya mwisho kabisa ni vidonge nane ndani ya masaa 24, ila kwa mzee mi sipendi avuke sita, yani viwili asubuhi viwili mchana viwili usiku. Na kama ni mwembamba, hafiki kilo 50, au hali vizuri, basi kimoja kimoja kila baada ya masaa sita, visizidi vinne kwa siku, labda daktari aseme vingine. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa gongo kila siku aongee na daktari kwanza kabla hajaizoea.

Kitu ambacho watu hawajui ni kuhusu muda. Kama unajua saa nne anaenda kliniki au anaenda kuoga, mpe nusu saa au lisaa kabla, sio usubiri mpaka amerudi analia. Na mwenye maumivu ya kila siku anasaidika zaidi akimeza kwa masaa kuliko kungoja yamzidie.

Alafu angalieni dawa za mchanganyiko. Diklopa ndani yake kuna paracetamol tayari pamoja na diklofenaki, dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol, mtu anameza zote tatu anadhani ni dawa tatu tofauti kumbe paracetamol amejijazia mara tatu na ini ndo linalobeba.

Kwanini unatunyima diklofenaki wakati ndo inayomsaidia?

Nitajibu kwa urefu kwasababu hapa ndo wazee wetu wanapotea.

Diklofenaki, brufen, piroksikamu, indometasini, zote ni ndugu wa familia moja. Zinatuliza maumivu vizuri tu, sikatai. Zinafanya kazi kwa kuzuia kemikali inayoleta uvimbe na maumivu mwilini, ila kemikali hiyohiyo ndo inalinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi, na ndo inasaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Kijana akimeza siku tatu mwili unahimili. Mzee wa miaka 70 ukuta wa tumbo umeshakuwa dhaifu, figo zake hazichuji tena kama zamani, na wengi wao wana presha. Dawa hizi zinapandisha presha, zinafanya mwili utunze maji miguu inavimba, mwenye moyo mkubwa anaanza kushindwa kupumua, na kwa wanaozitumia muda mrefu hatari ya shambulio la moyo na kiharusi inaongezeka, diklofenaki ikiwa mojawapo ya zile mbaya zaidi kwa moyo. Kama anameza dawa ya presha kama losartan au enalapril pamoja na dawa ya kukojoza maji, ukiongezea diklofenaki juu yake unazibana figo kutoka pande tatu kwa pamoja na zinaweza kufeli ndani ya siku chache tu, hasa akiharisha au asipokunywa maji ya kutosha. Anayemeza aspirini ndogo ya moyo naye hatari ya kutoka damu tumboni inakuwa kubwa zaidi.

Mama yangu alikuwa ananunua duka fulani karibu na kwake, vidonge kumi kumi, hakuna aliyemuuliza presha wala umri. Alikuwa anazifunga kwenye pindo la khanga. Siku alipoanguka bafuni nikalifungua lile fundo nikakuta vidonge kumi na moja vimechanganyikana, diklofenaki, za presha, na vingine viwili ambavyo mpaka leo sijui ni nini vimesuguana mpaka maandishi yamefutika. Alikuwa anapata choo cheusi kama lami wiki nzima, chenye harufu kali, hakusema kwasababu alidhani ni kisamvu. Ilikuwa ni damu. Aliongezewa chupa mbili hospitali akapona, Mungu ni mwema, lakini mimi mtoto wake nauza dawa na sikujua mama anameza nini. Ndo maana nawauliza maswali dirishani mpaka mnaniona nawachelewesha.

Sasa je ni marufuku kabisa? Hapana. Daktari anaweza kuandika kwa siku chache, dozi ndogo, baada ya chakula, akiwa ameshapima figo na presha, na akaweka omeprazole ya kulinda tumbo. Omeprazole inalinda tumbo tu, figo hailindi, kwahiyo usijipe moyo kwamba ukimeza nayo basi mwaka mzima uko salama. Ninachokataa ni ile ya kununua kila wiki miaka miwili mfululizo bila mtu yeyote kumwangalia mzee.

Basi achomwe sindano, si inakwepa tumbo?

Haikwepi. Dawa ikiingia kwenye damu ndo inafika tumboni na kwenye figo, ipite mdomoni ipite tako ni ileile. Tena sindano ya tako ikichomwa vibaya inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu mguu ukabaki unaburuzika, au pakatunga usaha. Najua sindano inaaminika sana huku kwetu, mzee asipochomwa anaona hajatibiwa, ila kwa goti la kila siku haina faida juu ya kidonge.

Na za kupaka?

Hizo nazipenda kwa wazee. Jeli ya diklofenaki ya kupaka inasaidia goti na viungo vya vidole, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Apake kama alivyoelekezwa kwa siku kadhaa mfululizo ndo aone tofauti, sio apake mara moja aseme haifai. Asipake penye kidonda, na akimaliza anawe mikono kabla ya kugusa macho. Kiuno na nyonga haisaidii sana kwasababu ni ndani. Zile zinazochachatika kwa pilipili zinasaidia wengine pia, zinachoma mwanzoni alafu anazoea.

Kukanda kwa maji ya moto na mawese je?

Endeleeni, joto linalegeza misuli na kuguswa na mtu anayekupenda kunatuliza kweli. Maji yawe ya kuvumilika mkononi mwako wewe sio mkononi mwake, maana mwenye sukari miguu yake haisikii moto na anaungua bila kujua. Robo saa hadi dakika ishirini inatosha. Usikande goti lililovimba lina joto na jekundu, na usikande kabisa mguu mmoja uliovimba ghafla kwenye shavu la mguu ukawa unauma, hapo panaweza kuwa na damu iliyoganda na ukiisukuma ikienda kwenye mapafu inaua. Chale sizikubali, wembe mmoja unachanja watu wangapi.

Kuna dawa ya unga ya viungo inauzwa mnadani, babu aliinywa siku tatu akatembea. Kwanini hospitali hawana?

Hospitali wanayo, na ndo maana wanaitoa kwa uangalifu. Unga au vidonge visivyo na jina vinavyoondoa maumivu ya miaka kumi ndani ya siku tatu, mara nyingi vimechanganywa kimyakimya na prednisolone au deksametasoni, yani steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, wakati mwingine na diklofenaki, imeshakutwa hivo nchi nyingi wanapopima. Mzee anapata nguvu, anakula sana, uso unakuwa wa duara mnasema kanenepa amependeza. Chini chini sukari inapanda, mifupa inalika, ngozi inakuwa nyembamba inachubuka kwa kuguswa tu, anapata maambukizi hovyo, macho yanaingia mtoto wa jicho.

Kama ameshatumia wiki kadhaa msimkatishe ghafla. Mwili ukizoea hizo dawa unaacha kutengeneza za kwake, ukizikata siku moja anaweza kuzimia presha ikashuka kabisa. Mchukue na unga wenyewe mpeleke hospitali wampunguze taratibu. Na wala usimgombeze babu, alikuwa anatafuta nafuu kama mtu mwingine yeyote.

Mitishamba yenu ya nyumbani sijasema muitupe, ila mwambieni daktari mnatumia nini.

Mtu anaumwa goti unamwambia afanye mazoezi, si atalimaliza kabisa?

Naelewa mnavyoshangaa, ila kwa goti na nyonga zilizosagika mazoezi ndo tiba ya kwanza kabla hata ya vidonge, wataalamu wote wanakubaliana hapo. Misuli ya paja ikiwa na nguvu inabeba mwili na goti linapumzika, mzee akilala tu misuli inayeyuka na goti linabeba lote peke yake.

Moja rahisi: akae kwenye kiti cha kawaida, anyooshe mguu mmoja mbele uwe sawa, ahesabu mpaka tano, ashushe taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Akizoea, afanye la kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika kitu, mara tano kwanza, na wewe uwe karibu. Kuuma kidogo mwanzoni ni kawaida, likiuma mpaka kesho yake basi alizidisha apunguze. Waliozidi uzito wakipungua hata kilo chache goti linajua. Kwenye hospitali ya mkoa Maweni ulizeni fiziotherapia, na walioko Tabora ulizeni Kitete, watu wanadhani ile ni kwa wenye stroku tu.

Fimbo: naona wazee wengi wanaishika upande wa mguu mbovu. Inatakiwa mkono wa upande wa pili. Goti la kulia linauma, fimbo mkono wa kushoto, na inatoka pamoja na ule mguu mbovu. Urefu wake, mzee asimame wima na viatu vyake mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike usawa wa kifundo cha mkono. Ya mama tulikata mbele ya mlango, fundi ameshika msumeno mama ameegemea ukuta, tulipunguza vidole vinne na chini tukaweka kipande cha tairi isiteleze. Vidole vinne tu, siku ileile akaenda mpaka kwa jirani.

Na choo. Kuchuchumaa ndo kunawamaliza wazee wenye magoti, wengine wanapunguza hata kula na kunywa maji ili wasiende chooni. Chukua kiti cha mbao imara, fundi akitoboe katikati, kiweke juu ya shimo, na ukutani piga ubao wa kushika. Jikoni inua jiko liwe juu ya meza au matofali. Hivi vitu viwili vimesaidia wazee wengi ninaowafahamu kuliko dawa yoyote niliyowauzia.

Kidole gumba cha mguu kimevimba usiku ghafla, hata shuka haiwezi kugusa. Niache dagaa?

Hiyo inafanana sana na jongo, asidi ya yuriki imejaa kwenye kiungo. Ni kweli dagaa wanaiongeza, pamoja na maini, figo na nyama nyekundu nyingi, na pombe ndo mbaya zaidi hasa bia. Sasa mtu wa Kigoma kumwambia aache dagaa ni kumwambia ahame, lakini kipindi kimewaka waache kwanza, baadae ale kwa kiasi, anywe maji mengi kama moyo na figo havina shida. Wengine inaletwa na dawa ya presha ya kukojoza, muulizeni daktari wala msiiache wenyewe. Ila kiungo kimoja kikivimba kikawa cha moto na mzee ana homa, msikae nyumbani mkisema jongo, inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo.

Nyayo zinawaka moto na ganzi usiku kucha, panadol haifui dafu

Hayo maumivu ya mishipa ya fahamu ni aina nyingine kabisa, anayasema kama moto, kama sindano, kama shoti ya umeme, kama sisimizi wanatembea. Kwanza apimwe sukari. Kuna pia yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, vipele vinapona ngozi inabaki inaungua miezi, na mkanda wenyewe ukiuwahi ndani ya siku tatu tangu vipele vitoke kuna dawa inasaidia sana, msipoteze muda kupaka majivu.

Dawa zake ni kama amitriptilini na gabapentini, zinaandikwa na daktari na kwa mzee zinaanzwa dozi ndogo sana usiku, kwasababu zinalevya. Amitriptilini inaweza kumfanya aweweseke, mkojo ukagoma hasa babu mwenye tezi dume, na akiinuka usiku akaanguka. Zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Miguu iangaliwe kila jioni kwa kidonda, avae kandambili hata ndani.

Bibi ameanguka, hawezi kunyanyuka, tumpeleke kwanza kwa mtaalam wa mifupa wa kijijini?

Hapana tafadhali. Mzee akianguka hata kwa kuteleza tu, akashindwa kusimama, mguu mmoja ukaonekana mfupi na unyayo umelala kwa nje, huo mara nyingi ni mfupa wa nyonga umevunjika. Kuvutwa na kufungwa vijiti hakuungi pale. Kila siku anayolala chali bila matibabu anasogea kwenye nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda, wengi wanakufa kwa hayo, sio kwa mfupa.

Msimvute mguu. Weka mto katikati ya miguu, funga mguu mbovu pamoja na mzima kwa khanga, mlaze juu ya ubao au mlango, ndo mumbebe. Najua mtu wa Kalya au vijiji vya huko chini ziwani anaanza na boti alafu ndo gari, ndo maana nasema zisipotee siku tatu za kujadiliana nani atatoa nauli. Apewe paracetamol njiani, na hospitali waambieni wazi kwamba anaumia wamtulize kabla ya kumgeuza geuza kwenye picha.

Babu ameshasahau sana, hajui hata jina langu. Atasemaje kama anaumwa?

Atasema kwa mwili. Kukunja uso, kuguna ukimgeuza, kukamata mkono wako ukitaka kumvua shati, kukataa chakula alichokuwa anapenda, kutotulia usiku, au mpole amekuwa mkali ghafla. Watu wanasema amechanganyikiwa zaidi au karogwa, kumbe jino limeoza, au hajapata choo siku sita, au mkojo umeziba, au ana kidonda makalioni hakuna aliyefunua kuangalia. Mkague kuanzia kinywani hadi kwenye vidole vya miguu. Usipoona kitu, jaribuni paracetamol kwa masaa siku mbili tatu muone kama anatulia. Akitulia mmepata jibu lenu. Na akibadilika kwa siku moja ghafla akawa hajitambui, hiyo ni hospitali leoleo.

Tramadol inaruhusiwa?

Kwa cheti cha daktari tu, na mkija kwangu bila cheti mtaondoka bila. Kwa mzee inaleta kizunguzungu, kutapika, kukosa choo, kuweweseka, kwa wengine degedege, hasa ikichanganywa na dawa za msongo wa mawazo. Ina mahali pake akisimamiwa.

Mama ana saratani, wametuandikia morfini. Si ndo wanatuambia amefika mwisho? Na hatakuwa teja?

Pole sana ndugu yangu. Morfini ikimezwa kwa kipimo cha daktari haimuui mtu na wala sio tangazo la kifo, inatolewa kwasababu maumivu ni makali na dawa ndogo zimeshindwa. Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu huo tangu 1986, unaanza na nyepesi, unapanda mpaka morfini kadiri maumivu yanavyopanda. Mtu anayemeza kwa maumivu ya kweli kwa kipimo cha daktari ni nadra sana kuwa teja. Nimeona wazee wamefungwa mdomo na maumivu mwezi mzima, wakipata ile ya maji ya kunywa wanalala usiku mmoja mzima, asubuhi wanaomba uji na wanauliza wajukuu wako wapi. Kwa nini tumnyime mama yetu siku kama hizo?

Inatolewa kila masaa manne kwa saa, hata kama kwa sasa haumii, mpime kwa bomba la sindano lisilo na sindano mlilopewa, sio kijiko cha chai. Kukosa choo lazima kutakuja, kwahiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Siku za mwanzo atasinzia, hiyo kawaida, ila akiwa haamshiki au anapumua polepole sana, rudi hospitali haraka. Ifungiwe mbali na watoto na vijana. Ulizeni huduma ya tiba shufaa, yani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, hospitali ya mkoa, na rufaa za saratani kwa kanda yetu huwa zinaenda Bugando Mwanza, au Ocean Road Dar es Salaam.

Mwezi wa Ramadhani dawa anamezaje?

Wazee wa Ujiji wananiuliza hili kila mwaka. Dawa za mara mbili zinakaa futari na daku vizuri tu. Kuhusu zile za familia ya diklofenaki, tumbo tupu kutwa nzima na mwili umekauka maji ni hatari mara mbili, hapo mi nasema hapana moja kwa moja. Mzee asiyeweza kufunga ana ruhusa ya kutoa fidia, muongee na shehe wenu, na sala anaweza kuswali akiwa amekaa kwenye kiti wala asilazimishe goti.

Hatuna hela ya haya yote

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au afisa ustawi wa jamii, mzee atambuliwe apewe kitambulisho. Ukifika kituoni ulizia dirisha la wazee, asipange foleni. Dawa ikiwa haipo watakuandikia ukanunue, hapo ndo mje na cheti niwaambie ipi ya bei nafuu inayofanya kazi ileile.

Lini nisisubiri hata kesho?

Mgongo unauma na miguu imeanza kulegea, au mkojo na choo vinatoka bila kujijua, au sehemu za siri zimekufa ganzi. Kifua kinabana. Choo cheusi au anatapika kama unga wa kahawa. Maumivu mapya makali ya kichwa pembeni karibu na sikio na macho yanafifia. Tumbo limekuwa gumu. Maumivu pamoja na homa. Na yale yasiyopungua hata akilala, yanayomuamsha usiku huku anakonda, hayo sio ya usiku huohuo lakini yasivuke wiki hii.

Mama yako siku hizi anaendeleaje?

Mnaniuliza sana, asanteni. Goti bado linauma, halijapona na halitapona lote. Anameza paracetamol kwa masaa, anapaka jeli, mazoezi anafanya na mjukuu wake anamhesabia, dawa zake ziko kwenye kikopo chenye jina na mimi nakifungua kila Jumapili naangalia. Juzi nilimkuta hayupo nyumbani nikaogopa, nikamtafuta, kumbe kaenda na fimbo yake mwenyewe kununua migebuka, amesimama pale anabishana bei na muuzaji na ndoo yake ya kukalia ameiacha kwetu, wajukuu wanaogea.